Maikrofoni Isiyo na Adabu

Rubongi, Tororo
3 Aprili 1967

Kwa Bwana Sulaiman Nasuru,
Duka la Redio na Vyombo vya Sauti, Busia

Bwana Sulaiman mheshimiwa,

YAH: MAIKROFONI ULIYOTUUZIA, INAYOSIKIA MAMBO YASIYOIHUSU

Natumaini hujambo wewe na nyumba yako, na kwamba biashara inakwenda vizuri, ingawa baada ya barua hii sina hakika itaendelea kwenda. Mimi ni Eriya Omaido, mkulima wa pamba, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa letu na mwimbaji wake wa solo. Utanikumbuka: ndimi niliyekuja dukani kwako na mizani.

Mizani ile uliicheka. Lakini kwaya ilikuwa imejifunza kantata ya Pasaka, muziki wa klasiki wa Ulaya, kurasa arobaini, sauti nne na kinanda cha upepo, na redio imetangaza kupokea mikanda ya kwaya. Mashine ya kurekodi tuliazimwa na mwalimu. Maikrofoni ilitubidi tununue, na mfuko wetu ni wa wakulima. Ukatuwekea mbili mezani, bei sawa. Nikazipima kama tunavyopimiwa pamba, maana kwa miaka ishirini ya kuuza pamba sijawahi kulipwa kwa wepesi. Ukaniambia, "Mzee, hii nyepesi nasikia mbele tu. Hiyo nzito nasikia pande yote, mpaka nyuma." Kwa bei moja, Bwana Sulaiman, nani angenunua sikio la upande mmoja? Nikachukua nzito. Malalamiko yangu sasa ni haya.

1. Haijui cheo. Tuliiweka juu ya kiti cha wageni, tukakitandika kitambaa cha kufuma, ikanitazama mimi. Hata hivyo, kwenye mkanda mimi na kuku wa kasisi tunasikika sawasawa. Kuku huyo hakuhudhuria zoezi hata moja.

2. Haitunzi siri. Ukurasa wa tisa, pale mtunzi alipoagiza kimya cha mapigo manne, Amuge wa sauti ya kwanza anasikika akimwambia mwenzake kwa Kiteso kwamba suruali yangu imenibana. Huko redioni wapo wanaojua Kiteso.

3. Inazidisha. Kabla ya solo nilikohoa kidogo kusafisha koo. Kwenye mkanda ni trekta linalokataa kuwaka. Ojangole, mpiga kinanda wetu, anashikilia kwamba ndivyo ninavyokohoa siku zote. Huyo Ojangole viatu vyake vinalia kila anapokanyaga pedali za kinanda, na nilipomwonyesha kuwa navyo vimenaswa, akasema vinasaidia mdundo.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mke wangu Truphena hayumo katika kwaya. Alikuwamo, nikamwondoa miaka kumi na moja iliyopita kwa sababu za kimuziki: akiimba, watu walikuwa hawanisikii mimi. Siku ya kurekodi alikuwa nje, nyuma ya kanisa, akimenya viazi vya wanakwaya. Sasa, katika solo yangu kuna noti moja ya juu ambayo huiendea kwa tahadhari. Siku hiyo niliiendea nikaishia njiani. Maikrofoni yako, kwa yale masikio yake ya nyuma, ikamchukua Truphena kupitia dirishani, kisu mkononi, akiiimba noti ile na kuendelea na solo mpaka mwisho. Anazijua noti zote kwa kunisikia nikizikosa nyumbani. Tulipousikiliza mkanda, kwaya nzima iliomba solo irudiwe. Kisha Amuge akasema, "Hii ndio tupeleke." Wakapiga kura. Nilipata kura moja, nayo niliipiga mwenyewe.

Mkanda unatakiwa kwenda posta Ijumaa. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uichukue maikrofoni yako na utubadilishie kwa ile nyepesi, turekodi upya. Kama imeshauzwa, tupatie inayosikia wanakamati wa kwaya peke yao. Kama wataalamu hawajafikia hapo, basi izibe hii upande wa nyuma kwa simenti, ambayo sisi Tororo hatuikosi. Na kama hilo nalo halifai, waandikie watu wa redio cheti chenye mhuri wa duka, kwamba sauti ya mwanamke inayosikika ni ubovu wa chombo.

Msalimie mama watoto, Bi Hasifa, na jirani yako Mastula aliyetupa chai. Msalimie pia Mangeni wa forodhani, aliyefungua boksi na kuhubiri ndani ya maikrofoni dakika kumi ikiwa haijaunganishwa popote. Huyo peke yake ndiye ambaye haikumfichua.

Ni mimi, niliyesikika kidogo,
Eriya Omaido
Mwenyekiti wa Kwaya

Nyongeza: Barua hii imelala mezani siku nne ikingoja mtu wa kuja Busia. Kila nikitoka shambani nimekuwa nikiusikiliza mkanda ili nipate ushahidi zaidi, na kila mara najikuta nauharakisha ufike pale ninapoishiwa pumzi. Jana nilimwuliza Truphena kwa nini hajawahi kuiimba noti ile nyumbani. Akasema, "Nyumbani kuna nani ya kusikia?" Nimeona aibu, Bwana Sulaiman. Maikrofoni usiibadilishe. Mkanda nimeupeleka posta mwenyewe leo asubuhi. Kwenye karatasi ya maelezo, penye jina la mwimbaji wa solo nimeandika Truphena Omaido, na langu nimeliandika penye kikohozi.