Spika za Kuachia Wajukuu

Mzee akikupigia simu aseme yuko na ng'ombe ndume wa kilo mia sita, na anataka kumbadilisha na spika "za kuachia wajukuu," mtu mwaminifu humuuliza ana wajukuu wangapi. Wainaina wa Kitengela hakuuliza. Aliweka kikombe cha chai chini akamshukuru Mungu, maana Mungu hamsahau mja wake, hata yule ambaye angependa kumsahau.

Biashara yake ilikuwa rahisi. Sanduku refu lililopakwa vanishi likang'aa, ndani yake spika ndogo ya redio ya jikoni, na chini kabisa jiwe lililokazwa kwa simiti. Watu wetu, wabarikiwe, hupima sauti kwa mgongo. Mtu akiinua kitu na kiuno kikalia, anasema hii ni orijino. Kwa njia hiyo Wainaina alikuwa amemhudumia mchungaji mmoja wa Tuala, mwalimu wa Nkoroi, na wengine ambao heshima hairuhusu kuwataja.

Lakini tapeli naye lazima awe na kitu kimoja cha kweli, la sivyo atadanganya kwa mfano gani? Cha Wainaina kilikuwa jozi ya spika alizorithi kwa marehemu fundi Bedan, aliyemfundisha kazi. Ukizisikiliza unamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kufungua mdomo. Wateja walionjeshwa hizo, kisha wakabebeshwa mawe. Hazikuwahi kutoka dukani. Wainaina hakuwa na mke wala mbwa; alizipenda hizo spika, na aliapa hataziuza hata kwa ekari kumi.

"Ziko hapa dukani, mzee. Karibu uzisikie," alisema.

"Leta nisikie huku," akajibu Mzee Tajeu, ambaye boma lake liko mbele ya Isinya ukielekea Kajiado. "Nikija huko, ndume nimwachie nani?"

Ndume! Tamaa ikampiga Wainaina kofi. Akapakia kwa gari lake la Probox katoni mbili za mawe zilizofungwa vizuri, na juu yake spika za Bedan, amezifunika kwa blanketi lake la kulalia.

"Sopa!" Wainaina alimsalimia mzee kwa Kimaasai.

"Epa," mzee akaitikia. "Kunywa chai kwanza."

Chai ikanyweka. Wainaina akaunganisha amplifaya kwenye umeme wa sola, akaweka wimbo wa zamani. Lo! Tajeu alizunguka zile spika mara tatu, akazigonga ubavuni, akainama akazitazama kwa nyuma jinsi mtu anavyokagua ng'ombe sokoni. Akaomba wimbo urudiwe.

"Nimekubali," alisema. "Ndume ndiye yule pale."

Wainaina alimtazama yule ndume, akameza mate. "Ashe, asante sana, mzee. Sasa, zako ziko kwa gari, mpya kabisa. Lakini nikuambie kitu. Spika ya hali ya juu ni kama mgeni ametoka ng'ambo. Usiifungue siku tatu, izoee hewa ya huku."

"Siku tatu?"

"Tatu kamili. Ukifungua kabla, inaweza kupata homa."

Kabla ya siku tatu kwisha, laini ya simu ya Wainaina ingekuwa imeshatupwa chooni. Akaenda kwa gari akipiga mluzi, akabeba katoni ya kwanza. Akiwa njiani kurudi akasikia harufu ya moto.

Seleyian, binti wa mzee, alikuwa ametoka jikoni na chuma kimeiva mpaka kikawa chekundu. Tajeu alikipokea, akakibandika ubavuni mwa spika ya kwanza. Chsss! Akageukia ya pili. Chsss! Wainaina akaangusha katoni mguuni mwake mwenyewe, na mnajua ilikuwa na nini.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Naweka alama ya ukoo."

"Hizo ni zangu! Hiyo ni sampuli!"

"Huku kwetu mtu huchukua ng'ombe aliyemkagua," Tajeu alisema bila haraka. "Hachukui ndugu yake aliyefungiwa kwa gari."

"Mzee, tafadhali. Chukua ndume wako, nipee tu spika zangu."

"Aliyewekwa alama harudi. Kama hujaridhika, twende kwa chifu, tufungue na hizo zingine mbele yake."

Wainaina alitazama katoni. Katoni haikumsaidia.

"Binamu yangu Leshan alinunua zako mwaka jana," Seleyian alisema kwa upole. "Lile jiwe sasa linashikilia mlango wa zizi la mbuzi. Ni jiwe zuri, hatujalalamika."

Wainaina akachechemea hadi kwenye amplifaya, angalau aokoe hiyo. Tajeu akamshika bega.

"Wacha hiyo. Hiyo ni kamba yake. Ng'ombe atatokaje bila kamba?"

Nick, mwenye bucha kule Kitengela, alimlipa vizuri kwa yule ndume, siwezi kudanganya. Wainaina alirudi nyumbani mfuko umejaa, akakaa kitandani, na kimya cha chumba kile kikamtoa machozi. Alivumilia wiki mbili.

Siku hizi, kila Jumapili baada ya ibada, utamwona akishuka kwa Probox huko mbele ya Isinya na kilo mbili za sukari na majani chai, kama mgeni mwenye adabu. Anapewa kiti. Kwanza anasikiliza bei za mbuzi kwenye redio iliyounganishwa na spika zile, kutoka soko la kwanza mpaka la mwisho, kila bei ikitoka safi ajabu. Halafu mahubiri. Halafu Tajeu anajipangusa midomo na kutazama taa ya sola.

"Leo wimbo ni mmoja tu," anasema. "Betri imepungua."

"Mmoja unatosha, mzee," anajibu Wainaina, na anavua kofia.