Kwa Mteja Aliyefariki, Bonyeza Tisa

Jumatatu, 6 Mei

Filamu zimekatika! Nimewasha televisheni nikakuta kioo cheusi na maandishi meupe: akaunti imesimamishwa kwa sababu ya matumizi yasiyo ya kawaida. Yasiyo ya kawaida! Tunatazama watu wanne tu. Mimi, mke wangu, mama yangu huko kwake, na Bosi.

Bosi ndiye balaa lenyewe. Nywila nilimpa kwa hiari yangu, siku tuliyokuwa tunatenga masinki yaliyovunjika ghalani. Alilalamika kwamba nyumbani hana cha kutazama. Nikaona bahati imenijia yenyewe. Tangu hapo ananiita bwana mdogo, na kila asubuhi ananisimulia tamthilia ya yule daktari aliyeisahau familia yake. Ijumaa anamtangaza msimamizi mpya wa ghala. Ni mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani. Miwani amesomea mambo ya stoo, anawahi kazini, hajawahi kuvunja kigae. Mimi nina huyo daktari. Na sehemu ya mwisho inatoka Jumatano!

Nimepiga simu huduma kwa wateja. Mashine ikaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao. Kisha muziki. Nimekula na muziki, nimeoga na muziki, nimekunja nguo na muziki. Binadamu hakuna. Mke wangu amesema ama yeye ama hicho kinanda.

Jumanne, 7 Mei

Bosi amenisimamisha kati ya vigae vya jikoni na vya bafuni. Kwa nini filamu hazifunguki? Nikamwambia ni mtandao, watu wote wanalalamika. Miwani, ambaye hakuulizwa kitu, akasema kwake unafanya kazi vizuri, na Bosi akitaka atampa nywila yake. Mnafiki mkubwa! Bosi akasema atanisubiri mimi hadi kesho. Kesho!

Nimejificha nyuma ya masinki nikamwandikia roboti wao. Nimemwaga yote, tangu mwanzo. Akajibu kwamba amefurahi kunisaidia, je, nimeridhika? Nikaandika hapana. Akanishukuru kwa maoni yangu mazuri, akafunga mazungumzo.

Jumatano, 8 Mei, mchana

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema tumbo linanisokota, hata maji hayakai. Mke wangu kaenda saluni kwake kusuka watu. Nyumba yangu, simu yangu, vita yangu.

Leo nimeisikiliza ile mashine mpaka mwisho, jambo ambalo sidhani kama kuna mtu amewahi kulifanya. Malipo bonyeza moja, picha bonyeza mbili, na kuendelea. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo: kwa taarifa za mteja aliyefariki, bonyeza tisa.

Nimebonyeza tisa. Kujaribu tu. Simu imepokewa palepale! Na mtu! Dada mpole, ana mafua. Akauliza ni nani aliyetutoka.

Ningeweza kusema nimekosea namba. Lakini angekata, nami ningerudi kwenye muziki. Nikasema ni kaka yangu, nikataja jina langu mwenyewe. Nikamsikia anachapa.

"Pole sana, kaka," akasema. "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Jamani! Tangu nizaliwe hakuna kampuni iliyowahi kuuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nikamweleza. Alikuwa mpole, mchapakazi, alistahili cheo ila watu fulani wenye miwani walimwonea wivu. Machozi yakanitoka, tena ya kweli. Nikamsikia naye anavuta kamasi, sijui ni mafua au ni mimi. Nikamwambia marehemu alikuwa na ombi moja tu: filamu zifunguliwe leo, wapendwa wake waagane naye kwa tamthilia. Akasema hilo liko ndani ya uwezo wake, tena na wote wanaoitumia akaunti wataarifiwa.

Filamu zimefunguka! Nimecheza sebuleni peke yangu. Bosi sasa hivi anapata ujumbe kwamba mambo yako sawa. Huu ubongo wangu, wakati mwingine nauogopa.

Alhamisi, 9 Mei

Ya jana naandika leo.

Jana jioni niko kwenye kochi na kaptula, bakuli la karanga tumboni, daktari ndiyo kwanza anaanza kumtambua mkewe. Nikasikia vilio nje. Nikajua jirani kafiwa. Nikafungua mlango nione.

Mama yangu. Mke wangu, kitana bado mkononi. Bosi na koti jeusi. Wafanyakazi wote wa ghala. Na Miwani mbele yao, kabeba maua, macho yamevimba.

Nikauliza nani kafa.

Mpakiaji mmoja, pande la mtu, amekimbia hadi barabarani. Mama alikaa chini kizingitini. Alipopata nguvu alivua kiatu, akanipiga nacho huku akimshukuru Mungu. Bosi akanionyesha simu yake. Kampuni inasikitika kumpoteza mtazamaji wake mpendwa, na inawapa pole wote walioshiriki akaunti yake. Mke wangu kapata ujumbe huo akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Mama kaupata akiwa sokoni, kaacha kikapu hapohapo.

Nikasema ni mashine. Kampuni imekosea! Nikapandwa na hasira kiasi kwamba nilianza kuuamini uongo wangu mwenyewe. Wote wakaniamini, isipokuwa mke wangu, ambaye ananijua. Bosi ndiye aliyewaka kuliko wote. Akasema haki yangu haitapotea: Jumatatu atawataka kampuni wamsikilizishe simu iliyowapa taarifa, kwa sababu simu zao zote hurekodiwa.

Zote hurekodiwa! Sasa ninaumwa kweli.

Ijumaa, 10 Mei

Nimerudi kazini. Miwani yuko kwenye meza ya msimamizi. Funguo za ghala shingoni mwake!

Bosi akaniita pembeni. Kumbe alitangaza Jumatano ileile, kabla hawajaondoka kuja msibani. Miwani alisimama mbele ya wote akanisifu hadi wapakiaji wakalia. Alisema nilikuwa kama ndugu yake. Bosi akaona huyu ana moyo wa uongozi.

"Ilikuwa yako, bwana mdogo," Bosi akaniambia. "Nilishaamua tangu wiki iliyopita. Filamu wala hazikuwa na uhusiano."

Nimekaa juu ya sinki. Sinki limepasuka.

Bosi akasema nafasi bado anaweza kuirudisha, ilimradi ile sauti ya Jumatatu ithibitishe kwamba kosa ni la kampuni. Ile sauti ni yangu! Akiisikia, sahau cheo, nitafukuzwa mbele ya Miwani. Miwani amenipa mkono, akaniambia amefurahi mno kwamba niko hai. Nadhani anamaanisha. Hilo ndilo linaloudhi.

Jumapili, 12 Mei

Mama, ambaye alikaa nasi tangu ule msiba, karudi kwake asubuhi. Kaondoka akiwa na simu yake usoni, anatazama tamthilia ya yule daktari na mkewe. Mama alipofika njiani, mke wangu akanikalisha chini. Akasema niende kwa Bosi kabla hajapiga hiyo simu, niseme ukweli, nikubali aibu, yaishe. Nimelia. Nimeahidi. Nimeapa sitadanganya tena, hata mashine.

Nimevaa shati safi. Niko mlangoni, simu ikalia. Ni yule dada wa mafua! Akasema kuna bwana mmoja, bosi wa marehemu, ameshawaandikia akitaka kuisikiliza ile simu. Lakini kwa heshima ya wafiwa, hawaitoi bila idhini ya ndugu aliyepiga. Je, naruhusu?

Nikasema hapana. Basi! Hapana moja tu, nimeokoka! Nilitakiwa kushukuru, nikate, nikavue shati.

Lakini akaniuliza familia inaendeleaje tangu msiba. Sauti ileile ya upole. Na hapo likanijia wazo. Bosi ana huruma. Machozi ya Miwani tu yamempa Miwani funguo. Je, mtu akifiwa kabisa, atamnyima? Nikashusha pumzi. Nikamwambia familia imeelemewa. Mama yetu uchungu umemzidi, ametutoka leo asubuhi.

Yule dada akavuta kamasi. Kisha akauliza, ujumbe wa pole autume kwa kina nani.

Nikamwambia kwa walewale wa mwanzo, wote watatu, asimsahau hata mmoja.