Ombi la Klachi Mpya na Heshima ya Mguu Wangu wa Kushoto

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Pokea salamu zangu za heshima, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ina kurasa tatu na hasira. Mimi ndiye mwenye lile gari dogo jeupe ambalo hii ni wiki ya tatu liko gereji kwenu, nyuma ya pipa la oili chafu, sahani yake ya klachi ikiwa imeungua. Gari lina miezi minane. Dhamana yake ni ya miaka miwili. Hesabu hiyo hata mjukuu wangu wa darasa la pili ameifanya bila kutumia vidole, lakini ofisi yako imeniandikia kwamba klachi haitatengenezwa bure, kwa kuwa kosa si la kiwanda bali ni la dereva.

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeandika kesi za watu walioibiana kuku na za ndugu waliogombania ukuta, na sijapata kuona hukumu ikitolewa dhidi ya mguu peke yake. Kwa hiyo naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyozoea.

1. Taarifa ya fundi wenu mkuu inasema, nanukuu, "mguu wa kushoto wa dereva unalala juu ya pedali ya klachi, ndiyo maana sahani imeungua." Huku ni kunipaka matope. Mguu wangu haulali, uko zamu. Mimi ni mtu wa tahadhari. Barabarani hujui ni wakati gani utatakiwa kubadilisha gia, basi mguu unakaa pale pale juu ya pedali, umeigusa kidogo tu, tayari kwa lolote, tangu ninapotoka getini mpaka ninapozima injini. Na kwenye kile kilima cha kuelekea hospitali, foleni ikisimama, mimi hulishikilia gari kwa klachi hiyo hiyo ili breki zisichakae. Mtu anayewatunzia breki kiasi hicho alistahili barua ya pongezi.

2. Kijitabu cha dhamana nimekisoma mara tatu, mara moja kwa sauti. Ukurasa wa kumi na nne unataja mambo ambayo kampuni haitayabeba: mafuriko, vita, mashindano ya mbio, na panya kutafuna nyaya. Panya ametajwa, mguu haukutajwa. Isitoshe, siku niliyokabidhiwa gari, yule kijana wenu wa mauzo mwenye tai nyembamba aliniona nikiondoka na mguu huu huu, akanipungia na hata kunipigia makofi. Kampuni ilinipokea mimi na miguu yangu yote miwili. Haiwezi leo ikaukubali mmoja na kuukana mwingine.

3. Kuhusu jaribio. Kabla ya kuandika taarifa yake, fundi mkuu aliniomba niendeshe gari lingine la gereji mpaka kwenye mzunguko na kurudi, yeye akiwa kando yangu. Njia nzima hakutazama barabara hata mara moja. Aliinama akautumbulia macho mguu wangu, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Siku hiyo nilikuwa nimevaa soksi yenye tundu, na wewe unajua soksi huchagua siku yake. Mtu akitazamwa hivyo anaona haya, na mguu ulioona haya hujikunyata mahali ulipopazoea. Ushahidi uliopatikana kwa kumwaibisha mtu naukataa katakata.

4. Madhara kwa familia. Mke wangu ni mkunga. Tangu nistaafu, kazi yangu rasmi ni moja tu, kumpeleka hospitali asubuhi na kumrudisha alasiri. Sasa tunakwenda kwa miguu, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, yeye ana miaka hamsini na saba na mimi nimebeba mkoba wake, ambao sijui anaweka nini humo ndani. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, ameanza kuniita Bwana Klachi mbele ya wajukuu. Hilo nalivumilia. Lakini mwanamume mstaafu akinyang'anywa ile kazi moja iliyobaki, nyumbani anabaki kuwa nani? Anabaki mhamisha viti. Nimehamisha viti vya sebuleni mara nne mwezi huu, Ndugu Meneja, na nakwambia bila kutia chumvi kwamba naumia.

5. Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, klachi mpya, bure, ndani ya siku saba. Pili, barua rasmi ya kuuomba radhi mguu wangu, nakala kwa shemeji. Tatu, iwapo bado mtashikilia kwamba mguu huo una hatia, kampuni ilete mtu mwenye mguu wa kushoto unaokubalika kiwandani, tubanane naye kwenye kiti cha dereva, yeye akanyage klachi, mimi nibaki na usukani, breki na heshima yangu. Nne, ikiwa mtu wa namna hiyo hapatikani, basi mguu wangu uingizwe katika orodha ya vipuri vya gari hili, kwa kuwa bila huo gia haziingii, na muutengeneze chini ya dhamana hiyo hiyo kwa miezi kumi na sita iliyosalia. Goti linauma kidogo, mnaweza kuanzia hapo.

Nisalimie dada wa mapokezi, mlinzi wa getini anayenipigia saluti ingawa siku hizi naingia bila gari, vijana wote wa stoo ya vipuri, na hata fundi mkuu. Mwambie kwamba mimi nimeshamsamehe, ila mguu bado unafikiria.

Wako anayesubiri haki itendeke,

Karani Mstaafu,
mwenye gari jeupe nyuma ya pipa.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu aliomba kuisoma barua hii. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia kwamba mguu huo ameuona ukilala miezi yote minane. Hakusema kitu kwa sababu siku ya kwanza kabisa nilimpiga marufuku kuzungumza na dereva. Na ni kweli, garini tulikuwa hatuzungumzi. Katika wiki hizi tatu za kutembea amenisimulia mambo ambayo kwa miaka thelathini na miwili ya ndoa sikuwa nayajua. Sikujua kwamba kila mtoto anayempokea humnong'oneza "karibu" kabla hajampa mama yake. Sikujua kwamba mtoto akichelewa kulia, yeye huenda kulia peke yake kwenye chumba cha mashuka. Jana, pale kilimani, alinishika mkono. Kwa hiyo fundi mkuu ana haki, kosa ni langu, na klachi itengenezwe kwa gharama yangu. Zile siku saba nimezifuta, msiharakishe. Na gari likiwa tayari, dada wa mapokezi tafadhali anipigie simu mimi, asimpigie mke wangu.