Mnorwe wa Voi

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na wakati huo nilikuwa nimevaa sweta la sufu, skafu, na soksi zilizopanda mpaka magotini. Nawaandikia humu kwenye grupu kabla video haijawafikia. Nyinyi wa Jeddah, hasa genge la Hindawiyah, najua wengine mshaipata. Tulieni niwaeleze mwenyewe.

Mnamjua bosi wangu, Abu Rakan, kafili anayenidhamini hapa Riyadh. (Asiyemjua amshukuru Mungu.) Zamani alikuwa akikodisha mahema ya harusi. Tangu nchi ifunguke, muziki ukaruhusiwa madukani na kila mtu akaanza kuuza furaha, na yeye akahamia utalii. Sasa anauza safari za Norwe: kupanda majabali, kupiga makasia kwenye zile ghuba nyembamba zinazopenya katikati ya milima, kulala kwa wafugaji wa mbuzi na kujifunza mila zao. Yeye mwenyewe Norwe hajafika. Bahrain ndiyo kafika.

Na mnajua alichoniahidi. Ndiyo, ile safari ya Julai niliyowaringia hapa wiki nzima. "Maonyesho ya leo yakifana, unakwenda nami kuhudumia wateja. Yakiharibika, halas, imekwisha." Mimi, mtoto wa Voi, nikanyage theluji! Kwa hiyo leo ningefanya lolote. Na lolote ndilo nililofanya.

Asubuhi niko ofisini Malaz, nafunga vipeperushi, bosi akaingia ameshika kichwa. Mgeni wetu kutoka Norwe, mzee mwenye hoteli huko milimani, ndiye aliyekuwa aje kuwasimulia wateja mila za kwao. Ndege imemkwamisha njiani.

"Utakuwa wewe," bosi akasema.

"Nitakuwa nini?"

"Mnorwe."

"Bosi, hebu nitazame vizuri."

"Kwani wewe hutazami mpira? Ulaya siku hizi wamejaa watu kama wewe. Mafi mushkila, hamna shida. Yalla, vaa sweta."

Akanibandika jina kifuani: LARS.

Jioni tukawa kwenye moli. Bosi alikuwa amejenga Norwe nzima mbele ya duka la viatu. Mlima wa sponji uliopakwa rangi nyeupe. Maporomoko ya maji yanayosukumwa na pampu ya tangi la samaki. Bahari ilikuwa bwawa la plastiki la watoto, na ndani yake mtumbwi mrefu kuliko bahari yenyewe. Ile jibini ya kahawia ya mbuzi wanayojivunia Wanorwe haikupatikana Riyadh, kwa hiyo tulikata halua. Watu wakaonja, wakasema, "Ajabu, kama halua!" Bosi akawajibu kwamba mbuzi wa kule wanakula maua.

(Sweta nalo lilikuwa linaniwasha kama upupu.)

Hotuba ya milima niliimaliza salama, kwa Kiarabu changu cha kazini. Nikadhani yamekwisha. Bosi akadaka maiki: "Na sasa Lars atatufundisha Kinorwe!"

Hatukukubaliana hivyo! Mimi Kinorwe sijui hata cha kuombea maji. Nikaamua potelea mbali, nitawapa Kiswahili, nani atajua? Hapo ndipo nilipogundua balaa la lugha yetu. Habari? Wataijua. Karibu? Wataijua. Salama, asante, tafadhali, rafiki... kila neno la adabu nililoligusa lilikuwa na babu yake Arabuni! Watu wananisubiri, jasho linanitiririka mgongoni, bosi anatabasamu kwa meno yote. Mwishowe nikapata moja.

"Shikamoo," nikasema. "Huko kwetu Norwe, mdogo humwamkia mkubwa hivyo."

"Mashallah," mzee mmoja akamwambia mkewe. "Sikujua kwamba wana adabu namna hii."

Wakarudia mara kadhaa mpaka wakaipatia. Mbele kabisa alisimama dada mmoja mwenye sare ya kazi za nyumbani, kamshika mkono mtoto wa kike wa miaka mitano hivi. Dada kajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtetemeka. Nikamsogelea kama vile nagawa halua.

"Kaka," akaninong'oneza, "hicho Kinorwe ni cha upande gani? Maana hata sisi Kilifi twakisema."

"Dada, nisitiri. Nina safari yangu hapa."

"Mimi Rehema nitakusitiri, wala usijali. Lakini huyu mtoto..."

Sikumsubiri amalize. (Ningemsubiri, jamani! Ningemsubiri!) Bosi alikuwa ananiita kwa mikono miwili. Mgeni amefika! Mnorwe halisi, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, anaburuta begi lake moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Bosi kwa furaha akapaza sauti: "Yalla, wote! Tumwamkie kwa lugha yake!"

Kina baba na kanzu zao, kina mama na abaya zao, vijana na vikombe vyao vya kahawa, wote wakavuta pumzi:

"SHIKAMOOOO!"

Mzee akasimama. Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa ameweka mkono kifuani, ameinama kwa heshima. "Shikamoo!" naye akajibu. Alidhani ni Kiarabu!

Makofi! Waarabu wamefurahi kwamba wanakijua Kinorwe, Mnorwe amefurahi kwamba anakijua Kiarabu, na bosi akanikonyeza. Theluji ya Julai niliiona kabisa, nikaihisi mpaka kwenye vidole vya miguu.

"La!"

Sauti ndogo. Yule mtoto alikuwa amechomoka mkononi mwa Rehema, kapanda juu ya mlima wa sponji, kamnyooshea mzee kidole.

"Wewe mkubwa," akamwambia, kwa Kiswahili kilichonyooka, lafudhi ya Kilifi na mapozi yake. "Mkubwa hasemi shikamoo. Mkubwa asema marahaba!"

Mzee akabaki kuduwaa, basi mtoto akaona amsaidie kwa Kiarabu, ili moli yote isikie. "Hii ni lugha ya jikoni kwetu. Rehema amenifundisha. Usipoamkia, hupati chapati."

Pampu ya samaki peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi. Madam wa Rehema, mama wa mtoto, akageuka polepole.

"Rehema, kumbe wewe ni Mnorwe?"

Masikini Rehema! Alinitazama mimi, akamtazama madam. Ikama yake, kibali cha kukaa nchini, imeandikwa Kenya, angefanyaje?

"Hapana, madam. Mimi ni Mkenya." Akanionyesha kwa kidevu. "Na Lars pia."

Kicheko kilichofuata sikielezi. Simu zote juu. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nami nikarudi nyuma nikachutame nyuma ya mlima, nikasahau kwamba nyuma yangu kuna bahari. Nikaingia bwawani kwa makalio, mtumbwi ukanifuata, na sweta la sufu likanywa maji yote yaliyokuwemo.

Aliyenitoa ni yule Mnorwe. Akasoma jina kifuani, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, natoka Norwe sehemu gani. Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Voi," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Huko sijafika. Ni kaskazini?"

Bosi hakunifokea, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuja akanibandua jina kifuani, akasema, "Halas." Julai yangu ikaishia hapo. Imeniuma, sitawaficha. Nilikuwa naitaka safari ile kuliko nilivyojifanya hapa kwa mizaha.

Na kinachouma zaidi, maonyesho yalifana! Madam alicheka mpaka akafuta machozi, akaandikisha familia nzima papo hapo. Mtoto akaapa kwamba hatoki nyumbani kwao Al-Naseem bila Rehema wake. Madam akasema basi, na Rehema aandikwe. Bosi akamwandika kwa mkono wake mwenyewe, huku ananitazama.

Nikawa nakunja mlima pale chini, nimelowa, wao wakipita kuelekea mlangoni. Rehema akachelewa nyuma kidogo, akainama, akaniuliza kwa huruma ya kweli kabisa:

"Kaka Lars, Julai nikuletee nini kutoka kwenu?"

Nikaendelea kukunja mlima. Na atakayecheka humu ndani, namwombea kafili kama wangu.