Kamati ya Karatasi za Miraba

Wananchi wa Dutwa na vijiji vya jirani mnatangaziwa, ingawa kwa kuchelewa kidogo, kwamba karatasi rasmi ya kuandikia hesabu za kihandisi ilichaguliwa hapa hapa kwetu, kwa kura, na Kamati ya Uteuzi wa Karatasi za Miraba, ambayo katibu wake nilikuwa mimi, Thomasi Ngeleja. Nasema hivi bila majivuno. Mtu anayetunza muhuri hana haja ya majivuno.

Ulikuwa mwaka uliofuata Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wameshahamia kwenye nyumba zilizopangwa kwa mistari, na mvua ilikuwa imegoma kabisa. Ofisi yetu iliitwa Idara Ndogo ya Vipimo na Mipango Iliyonyooka. Ilikuwa na chumba kimoja, mwavuli mmoja na mhandisi mmoja, kijana Kristofa Salu, aliyetoka chuoni Dar es Salaam akiwa amekonda kwa kusoma. Siku aliyoripoti kazini hakuomba nyumba wala baiskeli, jambo lililotutia wasiwasi. Aliomba karatasi.

"Kijiji Namba Tatu wanahitaji lambo kabla mvua hazijaanza," alisema. "Ninaomba karatasi za miraba nifanyie hesabu na kuchora. Miraba inasaidia mtu asipotee."

"Miraba ya namna gani?" aliuliza Mwenyekiti wetu, Ndugu Athanasi.

"Yoyote, mzee. Hata ya daftari la shule."

Hapo ndipo kijana alipoharibu. Ndugu Athanasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yoyote? Kijana, nchi haijengwi kwa yoyote. Iundwe kamati."

Kamati iliundwa papo hapo, tukiwa tumekaa. Ndugu Athanasi alichaguliwa mwenyekiti kwa kuwa alikuwa mwenyekiti. Mimi nilichaguliwa katibu kwa kuwa nilikuwa na kalamu. Kristofa alipewa ujumbe usio na kura, maana yeye ndiye aliyehitaji karatasi, na mtu mwenye haja hawezi kuaminiwa kuamua.

Karatasi zenyewe zilipatikana kirahisi mno kuliko hadhi ya shughuli yetu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Gharib, muuza chumvi, mafuta ya taa na karanga za kukaanga. Wapima barabara waliopita zamani walimwachia rundo la karatasi za kila aina, naye alikuwa tayari kumpa Kristofa zote siku ile ile. Tulimkataza. Tukachukua sampuli tatu tu, tukazipa majina A, B na C, ili zisijione.

A ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu, yenye miraba mikubwa. Mwenyekiti aliitazama kwa huzuni.

"Mraba mmoja umekalia eneo la kutosha miraba mia," alisema. "Huu ni ukabaila."

A ikaondolewa.

C ilikuwa nzito, rangi ya ndizi mbivu, na miraba yake ilichapwa upande wa nyuma, ikionekana mbele kwa mbali. Kristofa aliishika kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo yenyewe, mzee. Mistari ipo ukiihitaji, lakini haigombani na penseli."

"Mistari iko nyuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Imejificha?"

"Haijajificha, imechapwa nyuma ili—"

"Mstari usio na la kuficha hukaa mbele," alisema Mwenyekiti, akaigeuza C mara mbili, kana kwamba atamkuta mtu huko nyuma. "Ndugu Katibu, andika kwamba C inachunguzwa."

Ikabaki B. Hiyo ilikuwa ile ambayo wanafunzi huiita grafu, yenye miraba midogo midogo na mstari mnene kila baada ya miraba kumi. Mwenyekiti aliweka kidole juu ya mstari mnene.

"Na huyu?"

"Huo ni wa kuhesabia tu, mzee. Kila kumi unauona."

"Kila kumi?" Uso wa Mwenyekiti ukafunguka. "Huyu ni balozi! Nyumba kumi, balozi mmoja! Karatasi hii imejipanga yenyewe bila hata kufanyiwa semina!"

Nilisimama nikapiga makofi. Nakiri nililengwalengwa na machozi, kwa sababu ni mara chache mtu hukutana na karatasi yenye msimamo.

Msomaji asiyezoea kazi za ofisi anaweza kudhani tulimaliza siku hiyo. Kamati inayomaliza kwa kikao kimoja haina tofauti na watu wawili waliokutana njiani. Tulikaa tena kujadili rangi ya mistari. Tulikaa tena kuhakiki usawa wa miraba, mmoja mmoja, kwa rula, na ule uliopatikana mwembamba kidogo tuliuandikia barua. Vikao vilikuwa virefu na jua lilikuwa kali, kwa hiyo kila kikao kiliagiza karanga kwa Gharib, mara nyingine awamu mbili, na agenda ikiwa nzito awamu tatu. Gharib alizifunga kwenye vikaratasi kama koni, akavuka barabara nazo akiwa amezikumbatia.

Na kila kikao kilimkuta mlangoni mama mmoja aitwaye Domitila. Huyu alitumwa na Kijiji Namba Tatu kufuatilia lambo lao. Alikuja kwa miguu, akakaa chini na kunyoosha miguu yake yenye vumbi hadi magotini.

"Mwangaluka, baba," alinipa habari za asubuhi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," nilimjibu, yaani mama.

"Lambo letu?"

"Subiri, mayu. Kikao bado."

"Bado mnapima kina chake?"

"Tunachagua karatasi."

Alifikiri. "Ng'ombe atakunywa karatasi, baba?"

Nilimweleza kwa upole kwamba huo ulikuwa mtazamo finyu. Akaondoka, akarudi kikao kilichofuata, nami nikamwambia asubiri, kikao bado. Akarudi tena. Safari hiyo hakuuliza habari za lambo.

"Mhola, mayu?" nilimsalimu.

"Mhola duhu," alijibu, yaani salama tu, maana hivyo ndivyo watu hujibu hata kama si salama. Halafu akasema, "Ng'ombe wangu mweusi alilala jana njia ya mtoni. Sikuweza kumwinua. Wanangu walimsukuma, nikamvuta mkia, nikamwimbia. Wapi. Na waliobaki mbavu zao unaweza kuzihesabu kutoka hapa ulipokaa."

Niliandika: suala nje ya agenda. Karanga za siku ile zilikuwa chungu kooni, nikamlaumu Gharib.

Yalibaki majaribio. Mwenyekiti alisisitiza kwamba karatasi haichaguliwi kwa macho matupu, lazima ichorewe lambo kamili lenye hesabu zote.

"Basi twende Namba Tatu," alisema Kristofa, akiwa ameshachukua kamba na vigingi.

"Jua hili? Pima hapa nyumbani kwangu. Ni jaribio tu. Nitakuwa naona nikiwa kwenye kiti."

Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa nyuma ya ofisi, ikizungukwa na ua wa minyaa. Kati ya nyumba na lango palikuwa na bonde dogo ambapo maji ya barabarani hupita wakati wa mvua, na humo Mwenyekiti alikuwa na bustani ya nyanya iliyokuwa kijani kibichi mwaka mzima. Ilinyweshwa kwa mapipa ya Idara, katika mpango wa kuyazuia mapipa yasipasuke kwa ukame. Pembeni palikuwa na banda la kuku.

Kristofa alipima, akachora. Mwenyekiti alitazama kila mstari huku akitafuna. Kufika katikati, kijana akatoa kifutio mfukoni.

"Unafanya nini?"

"Nafuta, mzee. Nimeandika upana nane, ilitakiwa tano."

"Simama hapo hapo!" Mwenyekiti aliinuka, karanga zikamwagika. "Serikali haifuti! Leo tunafuta nane, kesho tutafuta nini? Ndugu Katibu, andika azimio. Vifutio marufuku. Kilichoandikwa ndani ya mraba kimeandikwa, hakifutwi, hakikatwi, na kikigongwa muhuri kinatekelezwa."

"Lakini mzee, lambo litakuwa kubwa."

"Liwe kubwa! Unaogopa maendeleo?"

Kristofa alirekebisha hesabu zote zilizobaki ili zikubaliane na ile nane. Lambo likapita nyanya, likachukua na banda la kuku. Mwenyekiti alisaini, mimi nikagonga muhuri, tukapaza sauti, "Idumu miraba!" na wote wawili tukaitikia, "Idumu!" Jioni hiyo hiyo taarifa ikaenda mkoani: karatasi rasmi imepatikana, mchoro wa kwanza umepitishwa, uko tayari kwa utekelezaji, leteni mashine. Mwenyekiti aliamini kwamba mchoro wa Namba Tatu ungefanywa kesho yake asubuhi, kwenye karatasi nyingine ya B.

Kesho yake asubuhi tulikwenda dukani wote watatu.

"B zimekwisha," alisema Gharib.

"Zimekwenda wapi?"

"Kwenu." Alionyesha ofisi kwa kidevu. "Magazeti yameadimika siku hizi. Nyinyi kila saa, Gharib lete karanga, Gharib ongeza. Mlidhani nafungia ngozi yangu?"

"Na A?"

"Hizo mlizila mwanzo mwanzo."

"C?" aliuliza Kristofa kwa sauti ndogo.

"C nilimfungia Ndugu Katibu. Alizipenda, hazipitishi mafuta."

Tulirudi ofisini. Kwenye kona lilikuwepo rundo la vikaratasi vilivyokunjwa, ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeagiza visitupwe ovyo. Kristofa alikunjua kimoja na kukiinua dirishani. Balozi alionekana, na nyumba zake kumi, vyote vikiwa vimelowa mafuta kiasi kwamba penseli iliteleza bila kuacha alama. Kijana aliketi sakafuni. Nilimhurumia, kwa kweli, ingawa hapakuwa na kifungu cha kumhurumia.

Mkoa, ambao haukuwahi kujibu barua zetu, safari hii ulijibu kwa katapila. Tulilisikia kabla ya kuliona. Dereva wake, Marcelo, mtu mfupi mwenye kofia iliyoungua na jua, aliliegesha mbele ya ofisi bila kulizima.

"Nina leo tu," alisema kwa sauti ya juu. "Kesho natakiwa kwingine. Mchoro uko wapi?"

Nyuma yake alifika Domitila na nusu ya Kijiji Namba Tatu, wake kwa waume, majembe mabegani. Walikuwa wamefuata ule mngurumo.

Mwenyekiti alijaribu kuukalia ule mchoro. Marcelo akauvuta taratibu kutoka chini yake, akausoma, akaangalia ua wa minyaa, akausoma tena.

"Mbona ni hapa hapa? Safi, dizeli yangu ndogo."

"Hilo lilikuwa jaribio!" alisema Mwenyekiti. "Nenda Namba Tatu, nitakuonyesha kwa mkono."

"Mimi sichimbi mkono, mzee, nachimba mchoro. Muhuri huu wa nani?"

"Wetu."

"Sahihi?"

"Yangu."

"Basi hamisha kuku."

"Kristofa, futa!"

"Nifute na nini, mzee? Vifutio ulivipiga marufuku."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nilidhani anataka msaada wa kisheria, nikafungua kumbukumbu na kusoma kwa sauti ya kusikika hadi nyuma: kilichoandikwa ndani ya mraba kimeandikwa, hakifutwi, hakikatwi, na kikigongwa muhuri kinatekelezwa. Namba Tatu walishangilia. Sijawahi kuona azimio likipokewa vile, nikalisoma mara ya pili.

"Mashine ikirudi bila kuchimba," alisema Marcelo, "aliyesaini ataandika maelezo mkoani kwamba taarifa yake ilikuwa ya uongo."

Mwenyekiti aligeuka akalitazama banda lake la kuku.

"Ni umbali wa kutembea tu, baba," Domitila alimwambia kwa upole. "Ng'ombe wetu watafika. Tusaidie kuku kwanza."

Lambo lilichimbwa kutwa nzima, na tuta lilishindiliwa kwa miguu ya kijiji kizima, wakiimba. Upana ulikuwa nane. Mvua ilipokuja iliingia moja kwa moja kutoka barabarani hadi ikajaa, na mpaka leo hakuna lambo linalotunza maji kama lile. Kristofa husimama pale jioni, mikono nyuma, akilitazama tu.

Tatizo lililojitokeza ni dogo. Kati ya nyumba ya Mwenyekiti na lango lake hakuna tena njia isipokuwa juu ya tuta, na tuta ndilo njia ya ng'ombe. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mlangoni kwake amevaa suti, mkoba mkononi, akitaka kuja kwenye kikao cha kuchagua penseli. Mbele yake ng'ombe wa Namba Tatu walikuwa wamejipanga tutani, wakishuka, wakinywa, wakipanda, bila haraka. Domitila alikuwa katikati yao na fimbo yake, amenenepa kidogo usoni.

"Mwangaluka, mayu!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Nipishe basi, nina haraka!"

Domitila alitazama ng'ombe, akamtazama yeye.

"Subiri, baba," alisema. "Kikao bado."

Nilizunguka nje ya ua, nikampitishia kiti juu ya minyaa.