Malalamiko Dhidi ya Mashine Iliyofanya Kazi Siku ya Kilio

Kikula, Likasi

Kwa Papa Patrice, Prezida wa Chama cha Mafundi wa Vyuma wa Kikula

Mheshimiwa Prezida, na ndugu yangu katika mafuta machafu na vumbi la chuma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Mama Cathy na watoto, na kwamba mabati yako yaliyobebwa na upepo yamesharudi juu ya nyumba. Sisi hapa tuko salama kabisa, na salama hiyo ndiyo inayonifanya nilalamike.

Unisamehe mwandiko. Unajua kwamba barua zangu kwako huandikwa na binti yangu Deborah, mwenye herufi za kupendeza. Safari hii sikuweza kumtuma, kwa sababu ndiye ninayemshitaki, na si adabu kumwomba mshitakiwa aandike mashitaka yake mwenyewe.

Unaifahamu fraiseuse yangu, ile mashine ya kuchonga chuma niliyoachiwa na marehemu Mzee Mathieu alipostaafu. Ililetwa hapa mji ukiitwa bado Jadotville, ikatumika mgodini mpaka ikachakaa, ikatupwa kwenye chuma kikuukuu. Mzee Mathieu akaiokota, akaifufua, na juu yake akanifundisha kazi yote ninayoijua. Muda wote huo ilifanya kazi kama Mungu alivyopanga: fundi anasimama, anashika mpini, anazungusha, meza inasogea, kisu kinakula chuma. Mchana kutwa anazungusha.

Sasa Deborah amerudi kutoka Lubumbashi na diploma yake ya umeme wa mitambo, na badala ya kunitafutia mkwe, amenitafutia moteurs za umeme. Amefunga moja kwenye kila mpini, amebadilisha skrubu ndefu za meza, na pembeni ameweka kompyuta kuukuu isiyokuwa hata na kifuniko. Kitu hicho anakiita commande numérique. Mtu anaandika vipimo, anabonyeza kifungo, na mashine inachonga peke yake. Nasikia chama kitakaa Jumamosi kuamua kama mashine za wanachama wengine nazo zifungiwe vitu hivyo. Kabla hamjanyoosha mikono, naomba malalamiko yangu yasomwe kwa sauti, na katibu wetu Ruffin asiruhusiwe kucheka.

LALAMIKO LA KWANZA. Heshima imekwisha. Kila mashine yetu ina ulegevu kwenye skrubu yake: ukigeuza mpini kurudi nyuma, unazunguka kidogo bure kabla meza haijasogea. Mzee Mathieu, mtu wa Kasai mpaka kwenye mifupa, aliuita ulegevu huo "mama mukwe", kwa sababu hauendewi uso kwa uso. Unapita pembeni, unakwenda mbali kuliko unakotaka kufika, kisha unarudi polepole, macho chini, kutoka upande uleule kila mara. Nimeishi na mama mkwe huyo kwa adabu kuliko nilivyoishi na yule wa nyumbani. Deborah amemwondoa. Kwa skrubu hizi mpya meza inakwenda na kurudi bila hodi wala salamu. Nilipouliza mama mkwe amepelekwa wapi, akanijibu, "Papa, ule ulegevu ilikuwa jeu tu. Nimeitosha." Mtu anatoa mama mkwe kama anayetoa kokoto kwenye kiatu.

LALAMIKO LA PILI. Mashine inadharau elimu yetu. Wewe na mimi tulisoma hesabu kwa masista, na kwa masista namba ikivunjika inawekewa virgule, ule mkato wenye mkia. Niliandika ishirini na mbili, virgule, tano. Kompyuta ikasimama na kunitolea maandishi mekundu mbele ya mteja. Binti yangu akapaza sauti kutoka uani: "Papa, ni point, hapana virgule!" Nimeweka point, Mheshimiwa, lakini moyoni nilijiona kama mtu aliyekana ubatizo.

LALAMIKO LA TATU. Nilikuwa nalo nilipoketi kuandika, sasa limenitoka. Litarudi.

LALAMIKO LA NNE ndilo zito. Linahusu siku aliyofariki Mzee Mathieu. Kwetu sisi, kama unavyojua, fundi akifa, mashine yake inanyamaza mpaka siku ya kuondoa matanga. Asubuhi ile nilikuwa nimefunga kipande cha chuma mezani na kubonyeza kifungo, ndipo nikasikia Mama Georgette, mke wake, akilia ng'ambo ya barabara. Nikafunga mlango, nikakimbia kama wengine wote. Zamani haikuhitaji akili. Mkono ulipoachia mpini, mashine ilinyamaza, na mkono wenyewe ndio uliobeba msiba. Hakuna aliyeniambia kwamba siku hizi msiba lazima mashine nayo iambiwe.

Uwanja ukajaa viti. Wewe ukasimama kumsifu marehemu, ukamsifu mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Kisha Abbé, padri wetu, akaomba tukae kimya tumwombee. Tukakaa kimya. Na katika kimya hicho watu wote wakasikia, ng'ambo ya barabara, fraiseuse ya Mzee Mathieu ikichonga chuma kwa furaha. Watu wakageuka kunitazama. Mimi nilikuwa palepale kwenye kiti, mikono juu ya magoti, kila mtu anaiona. Jirani yetu Damas akavuka kwenda kuchungulia dirishani. Akakuta karakana imefungwa, hakuna mtu ndani, na mipini inazunguka yenyewe, mara huku, mara kule. Hakurudi kutuambia. Alikwenda moja kwa moja kwao Kambove, na habari tukaipata kutoka huko.

Tangu siku ile Kikula nzima inasema nimemnunua Mzee Mathieu: kwamba alikufa asubuhi na kabla ya saa sita nilishamwingiza kazini. Mama mmoja sokoni amenikatalia vitunguu. Mwingine amenifuata kwa siri, akaniuliza kama naweza kumpatia na yeye mfu mmoja wa kumtwangia.

LALAMIKO LA TANO ni Mama Georgette mwenyewe. Nilimtarajia aje kunilaani, na nilijiandaa. Alikuja na kigoda. Aliketi mbele ya mashine, akautazama mpini mkubwa ukizunguka, ule ambao marehemu aliuzungusha mpaka mbao yake ikachukua umbo la kiganja chake. Akasema polepole, "Mathieu, ni weye?" Mashine ikaendelea kuchonga. Kisha akanigeukia mimi kwa ukali: "Papa Rémy, utamutumikisha bwana yangu mpaka wapi? Hata ku kampuni balikuwa banamupa midi!"

Basi sasa, Mheshimiwa Prezida, kila siku saa sita, yaani midi, nazima mashine ili marehemu ale. Mama Georgette analeta bukari na sombe kwenye sahani iliyofunikwa, anaiweka karibu na mpini, na heshima inanilazimu niile mimi kwa niaba yake. Nimenenepa. Anamsimulia habari za mtaa, nani ameoa, nani ameanguka kwenye mtaro. Umeme ukikatika anasema, "Apumzike." Na umeme ukirudi, mashine yenyewe haijui iko wapi, lazima kwanza meza ikimbilie kwenye kona yake, iguse ukuta wa chuma, ndipo ianze upya. Deborah anasema hapo ndipo nyumbani kwake. Mama Georgette alipoiona ikifanya hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Munaona? Ni yeye. Anarudia nyumba kwanza." Sikuwa na moyo wa kumweleza. Nilitoka nje nikalia nyuma ya karakana, na nakuuliza kama Prezida: ni kifungu gani cha katiba yetu kinachoruhusu mashine kumliza fundi wa umri wangu?

LALAMIKO LA SITA. Nilimwita Abbé aje kukemea. Alikuja na maji ya baraka na stola shingoni, akanyunyiza mpaka Deborah akaikimbilia kompyuta na kuifunika kwa kitenge. Kisha akasimama kutazama, akasogea karibu, akakiokota kipande kilichokuwa kimemalizika, akakigeuzageuza. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama pepo huyu anaweza kuchonga gia ya kinu cha mahindi cha parokia, maana ya zamani imebaki na meno ya bibi kizee. Pepo aliweza. Tangu hapo Abbé haniungi mkono.

LALAMIKO LA SABA. Nyumba yangu imeharibika. Mke wangu Claire alikuwa akinikanda bega kila jioni kwa mafuta ya moto, na wakati wa kukanda ndipo aliponipa umbea wote wa Kikula. Bega haliumi tena, basi hanikandi, basi sijui lolote. Ilinibidi nimsikie Mama Georgette akiuambia mpini kwamba kaka yangu mwenyewe anajenga ghorofa. Tena nalala usiku kucha kama mtoto mchanga, na Claire amesema mume anayekoroma hivi afadhali yule aliyekuwa akigugumia kwa maumivu.

Na sasa lile la tatu limerudi. Ni la mkono. Fundi wa kweli wa fraiseuse anajulikana kwa mkono wake wa kulia uliokufa. Vidole vinaanza kwa ganzi, kisha vinaangusha kikombe, mwishowe vinashindwa na kifungo cha shati. Miaka ya mwisho ya Mzee Mathieu, Mama Georgette ndiye aliyemfunga vifungo na kumlisha bukari kwa mkono wake, naye alikuwa akigeukia ukutani kila wageni walipoingia. Mtu huyu aliyeweza kuhisi unene wa unywele kwa kidole gumba! Deborah alikuwa akipeleka maji pale, akayaona hayo, na nadhani ndipo ujeuri wake ulipoanza. Mimi mwenyewe nilikuwa njiani kuipata medali hiyo. Nilikuwa karibu sana. Sasa nauliza: mafundi watakaokuja, wakiwa wanabonyeza vifungo tu, medali yao wataitoa wapi? Tutawatambuaje, ikiwa kila mmoja wao anajifunga shati mwenyewe?

Kwa sababu hizo zote, naomba kikao cha Jumamosi kiamue yafuatayo.

Kwanza, Deborah aamriwe kutoa moteurs zote, kumrudisha mama mkwe mahali pake, na kuomba msamaha.

Hilo likishindikana, basi mashine iandikishwe kama mwanachama, kwa sababu haiwezekani ifanye kazi kama fundi na isibebe mzigo wa fundi. Ihudhurie vilio. Ivae fulana ya chama tarehe mosi Mei na kupita mbele ya jukwaa pamoja nasi, hata kama itabidi tuisukume kwenye mkokoteni. Izuiwe kusifiwa hadharani mbele ya wenye mashine za mikono.

Lakini nakutahadharisha, Mheshimiwa, kwa mapenzi tu. Katiba yetu inasema kiti cha Prezida ni cha mwanachama aliyekaa kazini muda mrefu kuliko wote. Mashine hii ilikuwa ikichonga chuma hapa Likasi wewe na mimi hatujazaliwa. Siku itakapoandikishwa, hiyo ndiyo Prezida. Haitalala vikaoni, hotuba zake zitakwisha, na kila umeme utakaporudi itakumbuka kwenda nyumbani. Kwa hiyo tafadhali chagua vizuri: ama kompyuta itoke kwenye mashine, ama wewe utoke kwenye kiti. Mimi upande wangu sina ubaya na mtu.

Nisalimie Mama Cathy na watoto wote, nisalimie Ruffin ambaye najua ameshacheka, na mafundi wote wa upande wa reli. Claire anakusalimu. Mama Georgette anakusalimu, na anasema Mathieu pia anakusalimu, ila anakuomba siku nyingine uzungumze kwa kifupi.

Ni mimi, fundi wako mtiifu, asiyekuwa tena na kitu cha kuzungusha,

Rémy

N.B. Mkija kutoa moteurs, msije Jumamosi hii, kuna gia ya pili ya parokia mezani. Juma lijalo pia msije, nimeahidi kazi ya watu wa matofali. Juma la baada ya hapo Mama Georgette ana mambo ya kumweleza mzee na hataki kelele. Kwa kweli, yeyote atakayeigusa skrubu moja ya Deborah nitampokea na nyundo, na hapo sitajali cheo.

Jambo moja zaidi, na hili Ruffin asilisome kwa sauti. Jumapili zote hizi, wakati wa kupeana amani, unatupa mkono wa kushoto. Tunaupokea, tunatazama pembeni. Kikombe cha divai nacho siku hizi unakiruka. Ndugu yangu, usingoje mpaka Mama Cathy aanze kukufunga vifungo. Deborah atapita kwako Jumatatu kupima mashine yako, nimeshamwambia.

Na kuhusu huu mwandiko mbaya: Deborah hakuwa akiniandikia barua kwa sababu ya herufi zake nzuri. Kalamu ilikuwa imenishinda. Hii yote, tangu jina lako hadi hapa, nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wa kulia.