Mwitikiaji wa Hodi

"Ingieni mmwagilie, nyanya zinakufa—"

"Tuingie vipi na hatujaitikiwa—"

"Bibi Mwahija, humo hakai mtu!"

"Pana mlango? Pana komeo? Basi pana hodi."

Bwana shamba Valentini akawaonyesha kwa kidole ndani ya nyumba ya vioo. Wanawake sita, ndoo kichwani, walikuwa wamepiga hodi tatu kama walivyofunzwa na mama zao. Ndani mlikuwa na nyanya tu, na nyanya hazina adabu ya kuitika. Wakageuka, maji wakaenda kufulia.

Tuutendee haki Mradi. Mwaka sabini na tatu, kisiwa kidogo cha Kipakoni kilitangazwa rasmi kuwa Kitovu cha Nyanya za Biashara Chini ya Vioo. Vioo vililetwa kuzikinga nyanya na baridi. Kipakoni baridi wanaijua wagonjwa wa malaria peke yao, lakini kinga ni bora kuliko tiba. Agizo lilikuwa jepesi: nyanya ziive kabla ya Saba Saba, la sivyo watu wote wahamishiwe Tingi, bara, mbali na makaburi ya wazee wao na miamba yao ya pweza.

Valentini alijaribu kukaa ndani aitike mwenyewe. Dakika kumi tu za joto la vioo, akatolewa anaongea Kimwera na marehemu babu yake.

Akaandika wilayani. Jibu likaja, kurasa nne, saini ya Mkuu wa Mradi, Bwana Abdulatifu, ambaye hakuona ajabu yoyote. Inaundwa nafasi ya Mwitikiaji wa Hodi. Yeyote atakayeitika "karibu" ndani ya jengo amekwisha kuipokea nafasi hiyo, wala hatatoka mpaka mavuno.

Kisiwa kizima kikafunga mdomo. Hata majumbani watu wakawa wanaitikia hodi kwa kukohoa.

Mwezi wa tano Bwana Abdulatifu akaja mwenyewe, kalamu tatu kifuani, agizo la kuhamisha watu mkononi. Akaingia bila hodi, mradi si wake? Akainama kuhesabu miche iliyokauka, anapiga mluzi.

"Hodi!" Bibi Mwahija huyo, mlangoni, na ndoo yake.

Bwana Abdulatifu ni mtoto wa Mchinga, kalelewa akaleleka. "Karibu, mama! Karibuni ndani!"

Wanawake wenzake wakajipanga nyuma yake, ndoo kichwani.

"Alhamdulillahi," akasema Bibi Mwahija. Wanawake wakaingia, wakamwagilia, wakatoka, wakakomea mlango, joto lisitoroke. Valentini akasimama nje ya kioo, akasoma ukurasa wa tatu wa lile jibu la wilayani kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

"Saini ya nani hiyo, bwana shamba?" akauliza Bibi Mwahija.

"Yake."

Bwana Abdulatifu hakubisha. Saini ile aliiheshimu kuliko mtu yeyote. Dakika ya nane, kalamu mbili zikavuja. Akabandika uso kiooni.

"Mama, nyanya zinaiva lini?"

"Miezi miwili, mwanangu. Zikipenda."

Akatoa lile agizo. Kwa kalamu iliyobaki akafuta "watu wote", akaandika jina lake, akaliegemeza kwenye kioo.

"Bwana shamba, shikamoo," akasema. "Naomba nihamishiwe Tingi. Leo hii."